Mkono Begani

Desemba, hapa Punta Arenas, jua halina haraka ya kulala.
Saa nne usiku bado limeegemea mabati,
nami nimepiga magoti kwenye changarawe
namwambia bibi arusi: usiikimbize shela, iache.

Upepo wa mlangobahari haubishi hodi.
Manispaa imefunga kamba kwenye kona za barabara,
watu wazima washike wasipeperushwe kama magazeti.
Mimi sina kamba. Nina mikono miwili, na yote ina kazi.
Anayeshindana na upepo harudi na picha,
hilo nimelilipia lenzi mbili.
Lakini kati ya mvumo na mvumo hutulia kidogo,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na hapo ndipo Yovanka alipomgeukia Rosamel wake,
pua nyekundu kwa baridi, unywele umemkwama mdomoni,
akacheka huku akiutema.

Hiyo.

Watu husema napiga picha. Sipigi kitu.
Nakaa na njaa yangu kama paka jikoni
mpaka kitu kianguke chenyewe.

Picha ya ukoo, lakini, hiyo ni adhabu.
Shangazi, sogea. Huyo mtoto, kidole puani.
Don Eleuterio, kofia, tafadhali.
Watu thelathini na wanne, na ugomvi wao siujui,
ila nauona mabegani:
nani hasemi na nani, miaka mingapi,
kwa nafasi wanazoachiana.
Baba wa bibi arusi alifika ibada imekwisha,
suti ya kuazima, vifundo vya mikono viko nje,
mikono iliyonyoa kondoo miaka arobaini.
Akajipenyeza nyuma ya bintiye,
akamwekea mkono begani
taratibu, kama anayejaribu pasi kama imepoa.

Jumanne mama mtu alikuja studio.
Hakuketi. Alitua mkoba juu ya meza yangu.
"Huyu mtoe."
Kidole chake kiliacha alama kwenye kioo cha kompyuta,
juu kabisa ya uso wa mzee.
"Miaka kumi na tisa hakutuleta hata soksi.
Leo aje kuning'inia ukutani kwangu bure?"

Nilimtoa. Kazi ni kazi, na kodi ya pango hainijui.
Siku mbili, usiku wa manane, nilimfuta kipande kipande
nikianzia viatuni,
kwa sababu uso una namna yake ya kukutazama.
Pengo nililiziba kwa misonobari ya nyuma,
tawi la huku, tawi la kule,
na anga kidogo niliyoiazima kwenye harusi ya watu wengine.
Nilifanya vizuri. Sijisifu.
Nilifanya vizuri hadi nikaona haya.

Mkono tu ndio ulionishinda.
Vidole vinne na nusu
(cha shahada kiliishia kwenye mashine ya kunyolea)
vimezama ndani ya lesi ya gauni.
Nikivifuta, lesi inafumuka.
Nikiishona lesi, bega linakuwa la sanamu.
Nikamwita Yovanka aje aone, nimwombe siku zaidi.

Alitazama sana.
Mkono usio na mtu
umetoka katikati ya misonobari ukamshika.
Nilidhani atalia, nikasogeza hata boksi la tishu.
Akacheka, kicheko kile kile, kama anatema unywele.
"Uache," akasema. "Alikuwa hivyo hivyo."

Nilichapa ishirini kwa thelathini, karatasi isiyong'aa.
Ile misonobari sikumtoza.